Mwanafunzi wa Uzamili Anayesahihisha Mitihani ni Mfanyakazi wa Nani?

Mitihani ya muhula inapomalizika katika vyuo vya Dodoma, bahasha za skripti huwafikia watu wengi kuliko waliotajwa kwenye ratiba ya masomo. Mhadhiri mmoja anaweza kuwa na darasa la mamia ya wanafunzi, na mfumo wa matokeo una tarehe ya kufungwa. Basi huitwa mwanafunzi wa uzamili. Anasahihisha, anajumlisha alama, anaziingiza kwenye kompyuta. Muhula mpya ukianza ndiye anayeendesha semina za mwaka wa kwanza, ndiye anayesimamia jaribio, ndiye anayepanda bodaboda kupeleka madodoso vijijini Bahi na Chamwino kwa ajili ya mradi wa profesa. Ukimuuliza shughuli yake, atakujibu kwamba yeye ni mwanafunzi.

Anasema kweli, ila kwa macho ya sheria za kazi za Tanzania anaweza pia kuwa mfanyakazi, na kutolijua hilo kunamgharimu fedha na haki kila muhula.

Tuanze kwa kutenganisha makundi, maana yanachanganywa mno. Kuna wakufunzi wasaidizi, wale wanaoitwa TA, walioajiriwa na chuo kwa barua na kisha wakaruhusiwa kusoma. Hao ni waajiriwa bila ubishi. Masomo hayawavui ajira. Kundi la pili ni wanaofundisha kwa muda na kulipwa kwa saa. Wengi wao wana mkataba wa karatasi moja, na kilio chao kikubwa ni malimbikizo: anafundisha Machi, analipwa Novemba. La tatu ni mwanafunzi aliyeombwa tu. Msimamizi wake wa tasnifu amemwambia, “Nisaidie haya,” na yeye amesaidia. Hakuna barua wala kiwango cha malipo, na wakati mwingine hakuna malipo yenyewe. Kwenye dawati la ushauri tunaoutoa kwa umma, kundi hili ndilo linalofika likiwa limechelewa zaidi, na kwa sababu hiyo nitalizungumzia kwa kirefu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi kwamba mfanyakazi ni mtu mwenye barua ya ajira. Inamtambua pia mtu aliyeingia katika mkataba wowote wa kufanyia mwingine kazi yeye binafsi, ikiwa huyo anayefanyiwa kazi si mteja wa biashara au taaluma yake. Mkataba unaweza kuwa wa maneno. Sheria yake pacha, ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, inakwenda mbele zaidi katika kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo kipo hata kigezo kimoja kati ya hivi: namna yake ya kufanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mwingine huyo kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Kimoja tu kinatosha. Sasa mchukue mwanafunzi wetu. Mwongozo wa kusahihisha amepewa, tarehe ya kurudisha skripti imepangwa na idara, nywila ya mfumo wa matokeo ni ya chuo. Saa 45 kwa mwezi ni kama saa 10 na nusu kwa wiki, kiasi ambacho anayeendesha semina nne na kuziandalia anakifikia bila shida. Mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye si mfanyakazi unahamia kwa chuo. Na mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi au maelezo ya maandishi ya ajira mbele ya msuluhishi, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa. Ukimya wa karatasi, ambao wanafunzi wengi wanauona kama mwisho wa madai yao, kisheria unamwelemea mwajiri.

Mpaka upo, nao ni vizuri kuusema. Utafiti unaoufanya kwa ajili ya tasnifu yako mwenyewe, kwa kawaida, ni masomo yako. Kuhudhuria semina ya idara ni masomo. Mafunzo kwa vitendo yaliyomo kwenye mtaala ni masomo. Swali linaanza pale ambapo kazi ingefanyika hata kama wewe usingekuwepo, na chuo kingelazimika kumlipa mtu mwingine kuifanya.

Swali hili Wamarekani wamelipigania kwa zaidi ya nusu karne, na safari yao ina mafunzo kwetu. Mwaka 1966 wasaidizi wa kufundisha wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, waliunda chama chao. Mwaka 1970 waligoma na kupata mkataba wa pamoja, wa mwanzo wa aina yake nchini humo. Wisconsin ni chuo cha umma, na vyuo vya umma kule hufuata sheria za majimbo. Kwenye vyuo binafsi uamuzi uko kwa Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, na bodi hiyo imeyumba mno. Mwaka 2000, katika shauri la Chuo Kikuu cha New York, ilisema wasaidizi ni waajiriwa. Mwaka 2004, katika shauri la Chuo Kikuu cha Brown, ikageuka: uhusiano wao na chuo kimsingi ni wa kielimu. Mwaka 2016, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, ikageuka tena na kusema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: mtu anaweza kuwa mwanafunzi na mwajiriwa kwa wakati mmoja, na hadhi moja haiifuti nyingine.

Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma kwa wiki kama sita, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Chama kilichowaunganisha ni UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari. Makubaliano yao yalipandisha malipo ya chini ya wasaidizi wa kufundisha kutoka takriban dola 23,000 hadi takriban 34,000 kwa mwaka ifikapo 2024. Norway na Uholanzi hawakuhitaji mvutano mrefu namna hiyo: kule mtafiti wa shahada ya uzamivu kwa kawaida huajiriwa kwa mkataba, analipwa mshahara, na anahesabiwa mfanyakazi tangu siku ya kwanza.

Kwa nini jambo hili limekua kila mahali? Kwa sababu chuo kikuu kimejifunza kufikiri kama kampuni. Kwetu mabadiliko yalianza pale marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipobana bajeti za serikali na wanafunzi wakaingizwa katika kuchangia gharama. Vyuo vikuu binafsi vikafunguliwa. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005. Miaka miwili baadaye Dodoma ikapata Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichopangwa kuchukua wanafunzi 40,000, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha St John's. Kupanuka huko kumefungua milango kwa watoto wa wakulima wa Kongwa na Manyoni ambao zamani wasingeiota shahada, na ni jambo la kujivunia. Lakini idadi ya wanafunzi inapopanda haraka kuliko nafasi za kudumu za wahadhiri, pengo huzibwa na kazi ya bei nafuu, na hakuna kazi nafuu kuliko ya mtu anayeambiwa kwamba anasaidiwa kujifunza.

Wapo wahadhiri wanaoogopa kwamba chama cha wafanyakazi kitaharibu uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi wake. Naiheshimu hofu hiyo kwa kuwa uhusiano wenyewe ni wa thamani. Ila kinachouharibu, kwa tunavyoona, ni utata. Mwanafunzi anayeogopa kudai posho yake kwa sababu anayedaiwa ndiye atakayesaini tasnifu yake hayuko huru hata kubishana naye kitaaluma. Kiwango cha malipo kilichoandikwa na kujulikana kwa wote kinamtoa msimamizi katika nafasi ya mdaiwa, naye abaki mwalimu.

Je, mwanafunzi huyu aende wapi? Wengi hukimbilia serikali ya wanafunzi. Hiyo inashughulikia mabweni, bumu na nidhamu. Haina mamlaka ya kujadili mkataba wa kazi. Jumuiya za wanataaluma ndani ya vyuo zina sauti na historia ndefu, lakini kazi ya majadiliano ya pamoja ni ya chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa. Katika elimu ya juu tuna THTU, chama cha wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu, na RAAWU, chama cha watafiti, wanataaluma na wafanyakazi wenzao. Haki ya kuunda chama au kujiunga nacho ni ya kila mfanyakazi chini ya sheria ya 2004, na ni kosa kumbagua mtu kwa kuitumia. Tanzania pia imeridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani: Na. 98, wa haki ya kujipanga na kujadiliana kwa pamoja, tangu 1962, na Na. 87, wa uhuru wa kuunda vyama, tangu 2000.

Kuanzisha chama kipya kunahitaji mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20 na kuomba usajili ndani ya miezi sita. Lakini ili mwajiri alazimike kujadiliana na chama, chama hicho kinapaswa kuwa na wanachama walio wengi katika kundi la wafanyakazi husika, na wanafunzi wa uzamili huondoka baada ya miaka miwili. Chama cha watu wapitao kinakufa kila wanapohitimu viongozi wake. Maoni yangu ni kwamba kwa sasa njia bora ni kujiunga na vyama vilivyopo, navyo vifungue milango waziwazi kwa wanaolipwa kwa saa na wanaosaidia bila barua. Mpaka sasa mlango huo umefunguliwa nusu tu.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwanafunzi aanze na daftari. Aandike tarehe, saa, idadi ya skripti na jina la somo. Akiombwa kazi kwa mdomo, ajibu kwa ujumbe mfupi wenye heshima: “Mwalimu, nimepokea skripti 180 za mwaka wa kwanza, nitazirudisha Ijumaa. Naomba kujua utaratibu wa malipo.” Ujumbe huo ni ushahidi, na hauna ukosefu wa adabu ndani yake.

Mgogoro ukishindikana kumalizwa chuoni, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeajiriwa rasmi na chuo cha umma ni mtumishi wa umma, na tangu marekebisho ya sheria ya 2016 anatakiwa kwanza amalize njia za rufaa zilizo ndani ya utumishi wa umma. Wengine huenda CMA moja kwa moja. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yana siku 30. Madai mengine, yakiwemo ya malipo, yana siku 60. Wanafunzi wengi husubiri kwanza tasnifu isainiwe na cheti kitoke. Siku hizo 60 zinahesabiwa tangu mgogoro ulipotokea, na aliyezivuka lazima aombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi, akiwa hana uhakika wa kukubaliwa.