Madrid hawachelewi kula, saa ndiyo inayodanganya

Mgeni wangu mmoja kutoka Arusha alifika Madrid mwezi wa sita, akajinyoosha kidogo hotelini, akaamka na njaa ya safari. Saa moja jioni tukaingia mgahawa wa jirani. Viti vimepinduliwa juu ya meza, kijana anapiga deki. "Jikoni tunaanza saa tatu," akatuambia. Mgeni akanigeukia: "Saa tatu usiku? Hawa wanakula daku?"

Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini hapa, na swali hilo nimelizoea. Jibu liko juani. Kwa ramani, Hispania iko chini ya Uingereza, ingefaa itumie saa za huko, lakini Machi 1940 serikali ya dikteta Franco ilisogeza saa mbele kwa saa moja, zikalingana na za Ulaya ya Kati, na mpaka leo hazijarudishwa. Kiangazi inaongezwa saa nyingine tena. Ndiyo maana mwezi wa sita jua la utosi Madrid ni saa nane na robo mchana, na magharibi inaingia inapokaribia saa nne usiku. Sisi tunaohesabu saa kwa jua tunaelewa upesi: mtu anayekula mchana saa nane na nusu, kwa jua anakula saa sita na robo. Na cha usiku cha saa nne ni cha saa mbili kasorobo. Daku iko wapi hapo?

Kwa hiyo anza kwa kusogeza mchana wako. Kula cha mchana saa nane au tisa, shiba vizuri, kisha saa kumi na mbili tia kitu kidogo tumboni. Wao huiita merienda. Usipofanya hivyo utazunguka na njaa mpaka ugombane na mwenzako.

Kuanzia saa mbili na nusu, nenda mtaa wa Cava Baja, La Latina, baa zimepangana mlango kwa mlango. Hapa wageni wengi hukosea: wanatafuta meza, wanaagiza glasi kubwa, wanaganda hapo hapo. Wenyeji husimama kaunta. Wanaagiza caña, glasi ya bia ya kama mililita 200, inayoisha kabla haijapoteza ubaridi, pamoja na kitu cha kutafuna. Wakimaliza, wanahamia baa ya pili. Mmoja analipia raundi hii, mwingine inayofuata. Ukiona kila mtu anatoa sarafu zake na kuhesabu, jua hao ni wageni kama wewe. Granada ukiagiza kinywaji unaletewa na kitafunio bure. Madrid mara nyingi utapata zeituni au krispi za viazi, vingine unalipia.

Hunywi pombe? Agiza mosto, juisi ya zabibu isiyochachushwa. Utahudumiwa kama wengine na hakuna atakayekushangaa. Nguruwe ndiye wa kuangalia. Croqueta, zile kababu laini za rojo la maziwa, mara nyingi zina vipande vya nyama yake ndani, kwa hiyo uliza kwanza. Mimi huwaagizia wageni tortilla. Ikifika wanacheka: ni chipsi mayai! Viazi, mayai, aghalabu na kitunguu, ila nene kama keki, na ikikatwa katikati iwe bado na umajimaji. Iliyokauka kabisa mimi huiacha.

Saa tano usiku utakuta watoto wanacheza mpira uwanjani, bibi zao wamekaa kwenye mabenchi wakijipepea kwa pepeo zao. Kwangu huo ndio usiku wa Kihispania hasa, kuliko disko. Disko zenyewe hazina watu kabla ya saa nane usiku, na ukiwahi utacheza na mlinzi. Kinachowabakiza watu ni mazungumzo. Chakula kimekwisha, sahani zimeondolewa, na bado wamekaa wakipiga soga. Wana neno lake kabisa, sobremesa. Mhudumu hakuletei bili mpaka uiombe, usidhani amekusahau.

Treni za chini ya ardhi hupumzika usiku wa manane mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kuna mabasi ya usiku, yanaitwa búhos, yaani bundi, na mengi yanaanzia Plaza de Cibeles. Mgeni wangu wa Arusha hakulitaka hata moja. Saa kumi alfajiri alikuwa San Ginés, duka lililopo tangu 1894, anachovya churro, andazi refu la kukaanga, kwenye kikombe cha chokoleti nzito kama uji, na ananiuliza kesho tunaanza saa ngapi.