Juncus articulatus: mmea unaotambulika kwa vidole

Anayepita kwenye malisho chepechepe au kandokando ya ziwa huona kijani kimoja tu na kukiita nyasi. Humo mara nyingi umo Juncus articulatus, mmea uliopewa jina na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Si nyasi, wala si ndago, na unaweza kuujua hata ukifumba macho.

Shika jani moja. Ni la mviringo, limebanwa kidogo ubavuni, na ndani lina uwazi. Lipitishe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, toka chini kwenda juu. Utahisi vifundo vidogovidogo, kimoja baada ya kingine, kama anayevuta tasbihi. Lipasue kwa ukucha uvione: ni viwambo vinavyougawa ule uwazi vyumba vyumba. Articulatus kwa Kilatini ni "wenye viungo". Jirani yake, Juncus effusus, hauna kitu hicho; shina lake ni laini, limejaa uboho mweupe kama sponji, na majani yake yamebaki ala za kahawia tu pale chini.

Ila usishangilie mapema, maana Juncus acutiflorus nao una viwambo. Hapa hata sisi wa kazi ya kutambua mimea huteleza, hasa tukiletewa mmea uliochumwa kabla matunda hayajakomaa. Urefu na rangi ya majani havisaidii sana. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame kiua: vipande sita, kama yungiyungi dogo la kahawia. Kisha tazama tunda. La articulatus linang'aa, na karibu na kilele hufinyika ghafla likaacha kijincha kifupi. La acutiflorus huchongoka polepole, na vipande vya nje vya ua lake vina ncha ndefu zilizopinda kwa nje. Ukikuta matunda matupu, bila mbegu, huenda umeshika chotara wa hiyo miwili, ambaye ni tasa.

Wengine hutuletea vishada vyekundu mithili ya ufagio wakidhani ni maua ya ajabu. Kumbe ni kazi ya Livia junci, kidudu kinachofyonza utomvu na kuuvuruga mmea unapochipua.

Ukichuma wa kuleta, leta shina zima lenye matunda makavu pamoja na jani la chini, na uandike kama mmea ulisimama wima au ulitambaa. Penye maji hutambaa na kuotesha mizizi kwenye vifundo vya shina, ukafanana na mmea mwingine kabisa.