Pesa Inapoingia Mwezi wa Palizi

Kila ninaposema kuwa kazi yangu ni kutathmini miradi inayogawa fedha taslimu kwa kaya maskini za vijijini, swali la kwanza huwa lilelile: si watazinywea pombe? Nitalijibu, ila baadaye kidogo. Swali hilo linatuelekeza kwenye siku ya malipo na kile kilichonunuliwa siku hiyo, ilhali sehemu kubwa ya athari za ruzuku hutokea siku nyingine kabisa, na mara nyingi hutokea bila mtu kununua chochote.

Chukua kaya ya wakulima wadogo isiyo na akiba. Mavuno huja mara moja au mbili kwa mwaka, lakini kula ni kila siku. Miezi michache kabla ya kuvuna ghala huwa limebaki tupu, na huo ndio wakati shamba linadai mikono kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu magugu hayasubiri. Kaya iliyoishiwa chakula haina hiari hapo. Mume na mke wanaliacha shamba lao, wanakwenda kupalilia la jirani mwenye uwezo, wanalipwa jioni, wanakula. Wakirudi kwenye shamba lao magugu yameshatangulia. Mavuno yanapungua, na mwaka unaofuata njaa inabisha hodi mapema zaidi. Wengine huuza mazao yakiwa bado shambani, au hukopa kwa ahadi ya kulipa kwa magunia. Mifugo nayo huuzwa wakati kila mtu anauza, kwa hiyo kwa bei ya kutupa.

Ruzuku ikiingia katika kipindi hicho, kitu cha kwanza inachoipa kaya ni uwezo wa kukataa. Kukataa kibarua cha wiki hii. Kukataa bei ya mnunuzi aliyewahi kufika. Kukataa mkopo wa riba. Huwezi kuyaona hayo kwenye dodoso linalouliza "pesa ulizitumia kununua nini?", na kwa kweli nimeshasoma ripoti nyingi ambazo hazikuuliza zaidi ya hapo.

Zambia ni mfano mzuri. Mwaka 2010 serikali ilianzisha ruzuku kwa kaya zenye watoto wadogo katika wilaya za Kalabo, Kaputa na Shangombo: kiasi kidogo, kila baada ya miezi miwili, bila masharti yoyote. Watathmini walikuta watu wamepunguza vibarua kwenye mashamba ya wengine na kuongeza muda kwenye mashamba yao na biashara ndogondogo. Mifugo iliongezeka. Aliyezoea kupata vibarua wa bei rahisi angeweza kulalamika kwamba watu wameanza uvivu, na katika hesabu zake asingekosea sana. Lakini walichokipunguza ni kazi ya shamba lake. Yao waliiongeza. Kuhusu uvivu kwa jumla, mwaka 2017 wachumi Banerjee, Hanna, Kreindler na Olken walichambua upya takwimu za majaribio 7 ya miradi ya serikali katika nchi 6, na hawakuona dalili kwamba ruzuku huwafanya watu waache kufanya kazi.

Uwezo huo wa kukataa unaweza kuwa suala la uhai. Utafiti uliotolewa 2025 kuhusu mradi wa magharibi mwa Kenya, ambako kaya zilipewa kama dola 1,000 kila moja, ulikuta vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vimepungua kwa karibu nusu. Sababu mbili zilijitokeza: akina mama walijifungulia hospitali kwa wingi zaidi, na walipunguza sana kazi za shuluba katika miezi ya mwisho ya ujauzito na ile ya kwanza baada ya kujifungua. Nafuu ilikuwa kubwa pale fedha zilipoangukia karibu na uzazi wenyewe na kituo cha afya kilipokuwa karibu. Mama aliyepokea fedha zilezile mbali na wakati huo hakupata faida hiyo kwa kiwango hicho.

Ndiyo maana swali la mkupuo au kidogokidogo hunichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Katika eneo la Rarieda, nako magharibi mwa Kenya, kuanzia 2011 shirika la GiveDirectly lilituma fedha kwa njia ya M-Pesa kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia. Baadhi zilipewa kwa mkupuo, nyingine kiasi kilekile kwa awamu 9 za kila mwezi. Waliopewa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Waliopewa kwa mkupuo walielekea zaidi kwenye vitu vya kudumu, na bati lilikuwa miongoni mwa vilivyopendwa sana.

Bati hilo limeshawahi kubezwa mbele yangu mkutanoni, eti ni anasa. Paa la nyasi linadai nyasi mpya na fundi kila baada ya muda, linavuja juu ya chakula kilichohifadhiwa, na gharama zake hazina mwisho. Mwenye nyumba huzijua hesabu hizo, bali hajawahi kushika fedha za bati zote kwa pamoja. Kuweka akiba kidogokidogo hadi zifike ni vigumu, kwa kuwa kabla hazijafika mtoto ataugua, au ndugu atafiwa, na fedha zilizo ndani ya nyumba haziwezi kukaa kimya huku ndugu akilia mlangoni.

Walengwa wenyewe huonyesha wanachotaka ukiwaacha. Kuna mradi mwingine Kenya wa kipato cha msingi, ambapo vijiji kadhaa viliahidiwa kama dola 22.50 kwa mwezi kwa kila mtu mzima kwa miaka 12, vingine kiasi hicho kwa miaka 2 tu, na vingine vikapewa kama dola 500 kwa mkupuo. Waliopewa kwa mkupuo walifungua biashara nyingi kuliko wale wa miaka 2. Wa miaka 12 nao walifungua, na walifikaje huko? Wengi walijiunga na vikundi vya upatu, wakazikusanya zile fedha za kila mwezi hadi zikawa mkupuo kwa zamu. Wataalamu walikuwa wameumiza vichwa juu ya ratiba ya malipo, wenyewe wakaipanga upya bila kumwomba mtu ruhusa. Ahadi ndefu iliwawezesha kufanya hivyo: ukijua mwakani utalipwa, unaweza kukubali zamu yako iwe ya mwisho.

Haya, pombe. Evans na Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, na kwa wastani matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda. Mara nyingine yalishuka. Rarieda nako hayakupanda. Kuna mlevi mmoja mmoja atakayelewa, kama walivyopo wafanyakazi wa mishahara wanaolewa kila mwisho wa mwezi bila mtu kupendekeza wasilipwe.

Masharti nitayapitia kwa haraka, kwa sababu nadhani yanapewa uzito usiolingana na kazi yake. Mexico ilipoanzisha mpango wa ruzuku wa Progresa mwaka 1997 ilidai watoto waende shule na kliniki, na nchi nyingi zikaiga. Morocco ilijaribu kuziita tu fedha hizo ruzuku ya elimu, bila kumkagua mtu, na matokeo ya shule yalikaribia kuwa sawa. Katika jaribio la Zomba, Malawi, masharti yaliwasaidia wasichana kuhudhuria vizuri zaidi, lakini yule aliyeacha shule alikatiwa fedha. Katika kundi lisilo na masharti aliendelea kulipwa, na huko ndoa na mimba za utotoni zilipungua zaidi. Yaani sharti linamwacha anayehitaji zaidi, tena katika saa yake mbaya kabisa.

Ndani ya nyumba mambo hayaendi kama mabango ya miradi yanavyosema. Kumlipa mama badala ya baba hakubadilishi mambo kila mahali. Rarieda tofauti zilikuwa ndogo. Kinachojirudia katika tafiti nyingi ni kupungua kwa vipigo vya waume kwa wake zao, na hainishangazi. Ugomvi mwingi wa nyumba isiyo na kitu huanza mwanamke anapoomba fedha ya matumizi naye mwanamume hana na anaona aibu kusema hana.

Majirani wasiopata je? Katika kaunti ya Siaya, zaidi ya kaya 10,500 zilipewa fedha katika eneo la utafiti lenye vijiji 653, na fedha zilizoingia zilizidi asilimia 15 ya pato la eneo hilo. Bei hazikupanda kiasi cha kutisha, na kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za kama dola 2.5, kwa kuwa aliyepokea alinunua kwa jirani, naye jirani akanunua kwa mwingine. Lakini usiibebe namba hiyo na kuipeleka popote. Ufilipino, kwenye vijiji vya mbali ambako walengwa walikuwa wengi, bei za vyakula vyenye protini kama mayai zilipanda, na watoto wa majirani wasiolengwa walidumaa zaidi. Pale ambapo bidhaa haziingii kwa urahisi na wafanyabiashara ni wachache, fedha mpya hukimbizana na mayai yaleyale. Kwenye maeneo kama hayo mimi hupendekeza kulipa kijiji kizima, hata kama kila mtu anapata kidogo.

Kuna pia swali la muda gani faida hukaa. Kaskazini mwa Uganda, vijana waliopewa kama dola 400 kila mmoja wajifunze ufundi walikuwa wakipata kipato cha asilimia 38 zaidi ya wenzao baada ya miaka 4. Baada ya miaka 9 wenzao walikuwa wamewafikia. Wafadhili huita hiyo kushindwa. Miaka kadhaa ya kutangulia si kitu kidogo kwa mtu wa miaka 20 anayelea, lakini aliyeahidi kwenye andiko la mradi kwamba fedha za mara moja zitaitoa kaya kwenye umaskini moja kwa moja alijitafutia lawama.

Kinachoniudhi zaidi ni ucheleweshaji. LEAP, mpango wa serikali ya Ghana wa kugawa fedha kwa kaya maskini ulioanza 2008, katika miaka yake ya mwanzo ulilipa kwa kusuasua: miezi mitupu, halafu malimbikizo kwa pamoja. Tathmini yake haikuona ongezeko la matumizi ya kaya. Watu walilipa madeni, wakaweka akiba, wakawapa ndugu waliowahi kuwasaidia. Hayo ni mambo ya maana, lakini chakula cha mwezi wa palizi hakikuongezeka, kwa sababu mwezi wa palizi fedha hazikuwapo. Ninapopewa andiko la mradi mpya, huiweka ratiba ya malipo kando ya kalenda ya kilimo ya eneo husika, kisha namuuliza mhasibu, si mkurugenzi, fedha hutoka hazina mwezi gani.