Muhuri wa LC1 (baraza la kijiji) si kibali cha kujenga, hata kwa kampuni ya kompyuta

Kuna video ya zamani inayorudi kila mara kwenye simu za watu hapa Arua, Uganda. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple, amesimama mbele ya madiwani wa Cupertino, California, Juni 7, 2011, akieleza makao makuu mapya ya umbo la duara ya kukaa watu 12,000. Madiwani wanatabasamu na kusifu. Zikivuma habari kwamba kampuni fulani ya teknolojia inatafuta ploti katika miji ya West Nile, eneo letu la kaskazini magharibi mwa Uganda, video hiyo hutumwa tena pamoja na lawama zilezile: kule tajiri aliongea mara moja akakubaliwa, huku sisi watu wa idara ya mipango ya jiji tunawachosha wawekezaji kwa makaratasi.

Wanaolaumu hivyo hawakufuatilia tarehe. Jobs alifariki Oktoba 5 mwaka huohuo, na kibali kilikuwa bado. Ripoti ya athari za mazingira ilitoka Juni 2013, madiwani wakapiga kura Oktoba, kura ya mwisho ikawa Novemba 19, 2013. Wafanyakazi walianza kuhamia Aprili 2017. Na hiyo ndiyo kampuni iliyokuwa ikilipa kodi nyingi kuliko zote katika mji ule, tena Jobs aliwaambia madiwani waziwazi kwamba wasipoelewana ingebidi ahamie kwingine kama Mountain View. Pamoja na tishio hilo, faili ilikaa zaidi ya miaka miwili ikichambuliwa, hadi suala la kufunga kipande cha barabara ya Pruneridge, jambo ambalo wakazi wengine hawakulipenda kabisa.

Kwetu utaratibu ni huu. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 inaitambua Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kijiji kwa mji. Kwa hiyo ile hoja ya "huku kwetu ni shambani, mipango ni ya Kampala" ilikwisha mwaka huo. Mwenye mradi hupeleka ombi la ruhusa ya uendelezaji kwa kamati ya mipango. Humo wamo mhandisi, mpimaji, afisa mazingira, afisa afya na wengineo. Mradi ukiwa wa aina inayohitaji tathmini ya athari za mazingira na jamii, kamati inaweza kukubali kwa masharti, lakini kazi haianzi kabla ya cheti cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kupatikana. Baada ya hapo ndipo linakuja ombi la pili, la kibali cha ujenzi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Hili huenda kwa kamati ya majengo, likiwa na michoro iliyotiwa saini na msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Jengo hukaguliwa likiendelea kupanda, na likikamilika hutafutwa kibali cha tatu, cha kuingia na kulitumia. Ofisi nzuri yenye vioo lakini isiyo na kibali hicho hairuhusiwi kutumika, hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa kukata utepe.

Sasa tuje kwa LC1. Mtu anafika kwenye dirisha la ofisi yetu na bahasha ya kaki. Ndani mna mkataba wa mauziano wenye muhuri wa mwenyekiti, saini za mashahidi wanne, na picha ya msingi ambao tayari umechimbwa. Anasema, "Mimi nina kila kitu." Hana. Mwenyekiti wa kijiji anashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani na majirani wanajua mpaka. Kazi hiyo ni muhimu na tunamheshimu kwayo. Hatoi ruhusa ya kujenga. Diwani naye hatoi, wala meya kwa simu. Tumeyasema haya redioni, sokoni na msikitini, na bado bahasha zinakuja.

Anayejenga bila kibali hupewa notisi ya kusimamisha kazi. Ukuta ukipigwa X nyekundu, kuipaka rangi juu yake usiku hakusaidii, maana rekodi iko kwenye faili. Akikaidi, anaweza kuamriwa kubomoa na kurudisha ardhi ilivyokuwa, na mamlaka ikibomoa yenyewe gharama anadaiwa yeye. Mahakamani kuna faini au kifungo. Faini huhesabiwa kwa pointi, kila pointi shilingi 20,000.

Ardhi nayo isisahaulike. Sehemu kubwa ya ardhi ya huku ni ya kimila, na kampuni ya kigeni haiwezi kuinunua moja kwa moja: sheria inamruhusu asiye raia kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Wazee wa ukoo wanaopokea pesa ya awali kabla ya haya kukamilika wanajitafutia kesi.

Katika video ileile, diwani mmoja anamwomba Jobs intaneti ya bure kwa wakazi. Akajibiwa kwamba kampuni inalipa kodi, na kazi hizo ni za mji. Swali lile tunalisikia hata hapa, ila kwa umbo la kisima, uwanja wa mpira au ajira kwa vijana wa kata. Si vibaya kuomba. Vibaya ni kuliweka ombi hilo mahali pa ukaguzi wa mchoro. Halafu hesabu zetu si kama zao. Cupertino hupata sehemu ya kodi ya mauzo, na hata hapo ilikuwa ikiirudishia Apple nusu, kisha mwaka 2013 ikapunguza marejesho hayo hadi asilimia 35. Kwetu kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya faida ya kampuni huenda URA, mamlaka ya mapato ya taifa. Kinachobaki kwa jiji ni kodi ya majengo, leseni ya biashara na kodi ya huduma za mtaa, ambayo haizidi shilingi 100,000 kwa mfanyakazi kwa mwaka. Wafanyakazi 100 wa mishahara ya juu ni milioni 10. Anayehubiri kwenye mkutano wa kampeni kwamba makao makuu ya kampuni moja yatatia lami barabara zote hajapiga hesabu hiyo, au ameipiga akanyamaza.

Idara haizungumzii ombi lolote mahususi, na maelezo haya hayachukui nafasi ya sheria yenyewe. Mkazi mwenye pingamizi kuhusu mradi aandike kwa karani wa jiji, ataje ploti ilipo, mpaka unaomhusu na sababu yake, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Pingamizi lililotolewa kwa sauti kwenye WhatsApp haliingii kwenye faili.