Kila Mtu Anajua Simbi Itazama

Mara ya kwanza kuendesha kisa cha Simbi Nyaima mezani, kama mchezo wa dadu ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, hapa Kisumu, nilikiharibu mwenyewe. Ziwa lenyewe liko karibu na Kendu Bay, na hadithi yake huku tumelelewa nayo: ajuza anafika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, anafukuzwa, mama mmoja tu anamkaribisha, kisha mvua inashuka hadi kijiji kinazama.

Nilisimulia kwa madaha yote. Wachezaji wanne wakatulia kama wajukuu ndani ya siwindhe, nyumba ya nyanya ya kusikilizia sigana, hadithi za Kiluo. Nikajipongeza moyoni. Baada ya saa nzima, mmoja wao, mwendesha boda, akauliza: "Mwalimu, kwani hizi dadu ni za nini?"

Ukisema "Chon gi lala", maneno ya kufungulia sigana, msikilizaji anajikabidhi kwako. Mchezaji hajikabidhi, amekuja na mhusika wake na anataka huyo mhusika afanye jambo. Usimulizi niliotumia, wachezaji huuita reli. Sisi wa Kisumu, ambako reli ilifika 1901, tunajua gari la moshi halikati kona kumfuata abiria.

Mara ya pili nilitoboa mwisho kabla ya kuanza: alfajiri kijiji kitazama, hilo halibadiliki, nanyi ni watu wa sherehe hiyo. Sasa hakuna aliyengojea mvua. Muuguzi aliyecheza mke wa mwenye boma alitaka kumpa ajuza kigoda kabla mumewe hajaona.

Nilibadilisha dadu pia. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii uliotoka 1974, hutumia dadu ya pande 20: kila upande una nafasi sawa ya asilimia 5, na mara nyingi jibu ni umepata au umekosa. Kwa upanga sina neno. Kwa ukarimu naiona kavu mno. Nilichukua utaratibu wa mchezo mwingine, Apocalypse World wa 2010, wa Vincent na Meguey Baker: dadu mbili za pande 6. Ukifikisha 10, umefaulu. Kati ya 7 na 9, umefaulu lakini kuna cha kulipia. Chini ya hapo, zamu ni ya msimulizi, na mara chache huwa na huruma. Dadu mbili zina michanganyiko 36. 15 yake huangukia 7 hadi 9, na 6 pekee hufika 10 au zaidi. Yaani mema mengi ya usiku ule yangekuwa na deni.

Muuguzi akapata 8. Nikamwambia, "Nyanya ameketi. Mumeo ameona. Nani amemleta?"

Kabla hajajibu, wa boda, aliyekuwa mdogo wake mume, akadakia: "Shemeji hana kosa. Ni mimi." Uongo mtupu, na mimi sikuwa nimeuandika popote. Akatupwa nje ya boma, lango likafungwa, matone yakaanza.

Mchezaji wa nne alikuwa hajasema lolote. Kuna wanaokuja kusikiliza, na huwa siwasumbui kwa maswali ya "utafanya nini?" Nilimuuliza tu anasikia nini.

"Anagonga," akasema. "Na mimi ndiye niliyefunga lango."

Akachukua dadu bila kuambiwa.