Roho ngumu wanayosingiziwa wasichana Weusi wa Marekani

Yapo maneno kuhusu wasichana Weusi ambayo Marekani husemwa shuleni, kanisani na hata mezani nyumbani kana kwamba hayahitaji ushahidi. Mengine husemwa kwa nia njema kabisa, tena kwa kusifu. Hayo ya kusifu ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtoto anayesifiwa kila siku kwa uvumilivu wake ni nadra kuulizwa kama usiku analala.

“Hawa hukomaa mapema, wanajiweza.”

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliwahoji watu wazima 325, baadhi kuhusu wasichana Weusi na wengine kuhusu wasichana Wazungu. Majibu yalionyesha kwamba wasichana Weusi wanaonekana hawahitaji sana kulelewa, kulindwa wala kubembelezwa, na kwamba wanajua zaidi mambo ya wakubwa. Tofauti hiyo ilianza kujitokeza kwa watoto wa miaka 5. Huyo ni mtoto ambaye bado anafungiwa kamba za viatu! Ni kweli wapo wanaovunja ungo mapema kuliko wenzao, lakini kuvunja ungo hakumwondolei mtu utoto wake.

“Ana kiburi, dawa yake ni adhabu.”

Hapa ndipo watoto wengi wanapopotea mbele ya macho yetu. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tumezoea kuitambua kwa machozi na unyonge. Kwa watoto na vijana, miongozo ambayo madaktari wa akili hutumia inataja pia hasira za karibu: msichana anamjibu mwalimu kwa mkato, anafoka kwa jambo dogo, anasinzia darasani, kazi za nyumbani ameacha kuzifanya. Ukimwuliza kwa upole kuna nini, huenda ukasikia kwamba kaka yake aliuawa mtaani miezi michache iliyopita, au kwamba nyumbani hakukaliki. Asipoulizwa, anakabidhiwa barua ya kusimamishwa shule na kurudishwa kulekule.

Mwaka 2024 chombo kinachofanya ukaguzi kwa niaba ya Bunge la Marekani kilitoa ripoti kuhusu jambo hili. Katika mwaka wa masomo 2017–18, wasichana Weusi walikuwa asilimia 15 ya wasichana wote wa shule za umma, lakini walibeba asilimia 45 ya adhabu za kusimamishwa masomo na kurudishwa nyumbani walizopewa wasichana. Anayedhani labda ni watundu zaidi asome ripoti yote: kwa makosa yanayofanana, kama ukaidi na kukosa heshima, waliadhibiwa vikali kuliko Wazungu. Wengine wamewahi kuadhibiwa kwa sababu ya misuko au rasta zao. California ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria dhidi ya ubaguzi huo wa nywele, mwaka 2019.

“Kujiua si jambo letu.”

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa miaka 5 hadi 12, kiwango cha kujiua kwa watoto Weusi kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha watoto Wazungu. Mwaka 2019 wabunge Weusi waliunda kikosi cha dharura kuhusu suala hili, kikiongozwa na Bonnie Watson Coleman wa New Jersey.

Wazazi huogopa kwamba kumwuliza binti kama amefikiria kujiua ni kumtia wazo kichwani. Sivyo. Kumwuliza waziwazi hakuongezi hatari, na mara nyingi humpa nafasi ya kusema kile alichokuwa amekifungia ndani. Huko Marekani, simu ya bure ya 988 ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua, iliyoanza Julai 2022, hupokelewa saa 24, na asiyejua Kiingereza anaweza kuomba mkalimani.

“Kiongozi halii kwa mshauri nasaha.”

Ruby Bridges alikuwa na miaka 6 tarehe 14 Novemba 1960, alipoingia katika shule ya William Frantz, New Orleans, akiwa mtoto Mweusi wa kwanza hapo. Maafisa wa serikali kuu walimsindikiza katikati ya watu wazima waliokuwa wakimzomea. Mwanamke mmoja alitishia kumwekea sumu, basi akawa anakula chakula kilichotoka nyumbani tu. Mwalimu wake, Barbara Henry, alimfundisha akiwa peke yake darasani. Na mwaka huohuo daktari wa akili za watoto, Robert Coles, alijitolea kwenda kwao kila wiki kuzungumza naye. Ujasiri wa mtoto yule umesimuliwa mno. Ningependa zile ziara za daktari nazo zisimuliwe hivyo hivyo.

Simone Biles, bingwa wa jimnastiki, alipojitoa katika fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu ya hali yake ya akili, wapo waliomwita mwoga. Paris 2024 alirudi na dhahabu tatu.

Msaada wenyewe hauhitaji jengo la kifahari. Chicago kuna mpango uitwao Working on Womanhood: wasichana, wengi wao Weusi na Walatino, hukutana kwa vikundi kila wiki na mshauri nasaha ndani ya muda wa masomo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 kutoka shule 10 ulikuta karibu asilimia 38 ya washiriki wakiwa na dalili za kiwewe. Mpango huo ulipunguza dalili hizo kwa asilimia 22, na sonona na wasiwasi vilipungua pia.

“Binti yetu mkubwa ni kiongozi, ndiye anayetutafsiria hospitalini.”

Hili linazihusu moja kwa moja familia zinazozungumza Kiswahili zilizofika Marekani kutoka Kongo, Burundi na kambi za wakimbizi za Tanzania. Msichana wa miaka 13 anakaa kati ya daktari na mama, na anapaswa kulitamka yeye jina la ugonjwa wa mama. Usiku anabaki nalo. Sheria ya shirikisho inazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Mkalimani ni wa bure na ni haki ya mgonjwa. Mama, ukipiga simu kuomba miadi, taja “Swahili” mapema ili atafutwe, na binti siku hiyo aende shule.