Je, kupeleka waraka wa siri pasipostahili ni kosa hata kama hukujua ni wa siri?

Kwa miaka mingi ningekujibu hapana. Niliamini kosa la kutoa siri za serikali linahitaji msaliti: mtu anayekutana na mgeni gizani, anapokea fedha, anauza nchi. Mtumishi aliyemkabidhi karatasi mtu asiyehusika, au aliyeisahau kwenye daladala la Mbagala, nilimwona mzembe wa kuandikiwa barua ya onyo, basi. Nadhani wengi bado wanaamini hivyo, kwa sababu kesi zinazovuma ni za majasusi.

Nilianza kushtuka nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja huku Posta. Bahasha ya kaki ilikuwa juu ya kaunta ya masijala, haina alama yoyote, nikanyoosha mkono nimsaidie karani kuipeleka. Akaifunika kwa kiganja. "Acha, mwanangu. Hiyo haitembei bila saini." Baadaye alinieleza kwamba waraka wa siri huvalishwa bahasha mbili. Ya ndani ina muhuri wa SIRI, ya nje ina anwani tu, ili anayeiona njiani asitamani kuifungua.

Sasa fikiria mtu aliyeiona ile ya nje peke yake, akaikabidhi pasipostahili. Sheria ya Usalama wa Taifa ya Tanzania ya mwaka 1970, kifungu cha 5, inasema anayempa taarifa ya siri mtu asiyeruhusiwa kuipokea anaweza kufungwa hadi miaka 20. Kisha inaongeza jambo ambalo nililisoma mara tatu: kusema hukujua, na hata usingeweza kujua, kwamba taarifa ile ni ya siri, si utetezi.

Makosa mengi ya jinai hayaendi hivyo. Ukitoka msikitini ukavaa kandambili za mwenzako ukidhani ni zako, hujaiba. Mkono umechukua, lakini moyo haukukusudia, na wizi unahitaji vyote viwili. Kifungu cha 5 kinafanana zaidi na tochi ya trafiki. Umepita na kilomita 80 penye kibao cha 50. Kama mti ulikiziba kibao, tochi haijui habari za mti. Inasoma mwendo. Hapa pia swali kubwa ni kama taarifa ilikuwa ya siri na kama imemfikia asiyestahili. Upande wa mashtaka bado lazima uthibitishe hayo mahakamani. Ila kilichokuwa moyoni mwako hakikuokoi.

Marekani wako karibu zaidi na kandambili. Sheria yao ya ujasusi ya 1917 inagusa hata uzembe uliokithiri, kwa kifungo cha hadi miaka 10, lakini waendesha mashtaka wamekitumia kipengele hicho kwa nadra sana. Mwaka 2016 mkuu wa FBI (idara ya upelelezi ya Marekani), James Comey, alisema Hillary Clinton, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, na wasaidizi wake walikuwa wazembe mno katika kushughulikia barua pepe zenye taarifa za siri, kisha akapendekeza asishtakiwe. Ushahidi wa nia haukutosha. David Petraeus, jenerali aliyewahi kuongoza shirika la ujasusi la CIA, alimwonyesha mwandishi wa wasifu wake madaftari yenye siri nzito. FBI waliyakuta nyumbani kwake, katika droo isiyofungwa kwa ufunguo. Mwaka 2015 alikiri kosa dogo la kuondoa na kuhifadhi taarifa za siri bila idhini, akapewa miaka 2 ya uangalizi na faini ya dola 100,000. Faini ni kubwa, lakini gerezani hakuingia, na kwangu hilo linaonyesha kwamba ukali wa sheria kwenye karatasi na adhabu inayotolewa ni vitu viwili.

Na aliyesahau jalada kwenye basi? Uingereza wana jibu lililonyooka: sheria yao ya 1989 inamwadhibu mtumishi wa serikali aliyeshindwa kuchukua tahadhari ya kawaida na waraka aliokabidhiwa, kifungo kisichozidi miezi 3. Juni 2008 afisa mmoja aliacha nyaraka za siri kuhusu al-Qaeda na Iraki kwenye treni iliyotoka kituo cha Waterloo, London. Abiria aliziokota, akazipeleka BBC. Afisa hakuuza kitu wala hakutaka mtu azisome. Oktoba mwaka huohuo alikiri kosa na kutozwa faini ya pauni 2,500.